Swali la Arobaini na Moja

Mtihani ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, Lake Charles,
maswali mia na hamsini,
na ukianguka unalipa ada upya, unarudi kuketi.

Nimebandika kadi nyumba nzima.
Kwenye friji: uchakavu.
Juu ya sinki: nia njema, ya pande zote mbili.
Mlango wa choo umebeba kile kiasi
ambacho mwenye bima hujilipia kwanza
kabla kampuni haijafungua mkoba.
Mwanangu Corbin anacheka:
Mama, siku hizi hata haja ndogo ni masomo.

Miaka kumi na tisa nilipika shuleni,
maharage mekundu kila Jumatatu,
hadi upepo ukachukua mabati,
mabati yakachukua watu,
na shule ikabaki na mpishi bila midomo.
Sasa, na hamsini na tatu zangu, najifunza kupanda ngazi,
kupima mwinuko wa paa,
kutenga kovu la mvua ya mawe
na kovu la nyundo ya fundi tapeli.
Hilo ni jepesi. Mvua ya mawe hupiga ovyo.
Nyundo huchagua.

Kigumu ni hesabu.
Paa la miaka kumi na miwili,
lililotazamiwa kuishi ishirini,
lina thamani gani siku linapong'oka?
Naandika: asilimia arobaini.
Nafuta. Naandika tena.
Na magoti haya, Corbin, yamebakisha ngapi?
Hilo halimo mtihanini, Mama.

Anasoma la arobaini na moja.
Dhoruba imepiga nyumba, kisha maji yamepanda.
Mkataba hufidia upepo, haufidii mafuriko.
Zimebaki nguzo tupu.
Mkadiriaji aandike nini?

Naijua nyumba hiyo.
Nguzo zake ni kumi na sita.
Ya tatu upande wa jikoni ina alama za kisu,
urefu wangu wa kila mwaka hadi nilipokataa kupimwa.

Alikuja kijana kutoka Ohio, viatu vya njano,
akakaa dakika kumi na moja. Nilizihesabu.
Mama yangu, Elmire Guidroz, alimmiminia kahawa
kwenye kifuniko cha chupa,
vikombe vikiwa vimekwenda na kabati.
Akainywa yote, akashukuru,
akaandika neno moja: maji.

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa,
lakini hupimika.
Huacha mstari wa tope, na mstari hausemi uongo.
Kwenye mpekani wa nyuma mstari ulinifika kifuani.
Na juu ya mpekani huohuo,
juu kuliko ngazi yoyote tuliyokuwa nayo,
bati la paa letu lilikuwa limejikunja kwenye tawi,
likigonga, likigonga, kila upepo ulipopita.
Maji gani yangelipeleka kule?
Hakuzunguka nyuma.
Hakuinua shingo.
Nasi tulikuwa wageni wa maneno,
hatukujua kwamba kugonga kule kulikuwa ushahidi.
Tulidhani ni kelele.

Nasema: jibu la pili. Maji.
Nalisema haraka, kama mtu anayelipa deni
apate kuondoka dukani.

Corbin anageuza ukurasa.
Kimya chake kinarefuka.
Umekosa, Mama. Ni la nne.
"Asiandike chochote
kabla hajachunguza eneo lote."

Kumbe kitabu kilijua.
Kilijua siku zote, kwa dola thelathini na tano,
na Mama amezikwa kwenye makaburi ya kukodi
mji ambao hakuupenda.

Naomba kalamu.
Naandika kadi nyingine, herufi kubwa, mkono ukiyumba:
ZUNGUKA NYUMA. TAZAMA JUU.
Sijui niibandike wapi. Friji imejaa.
Naitia mfukoni mwa koti la Alhamisi.

Tuendelee? anauliza.
La arobaini na mbili ni gari lililoibiwa.

Soma, namwambia. Polepole.